Chupa Zimepata Wachongaji, Maji Taka Bado

Anayetaka kujua sanaa ya Kampala inasema nini kuhusu uchafuzi wa maji aitazame chupa ya plastiki. Kwa zaidi ya muongo mmoja sasa chupa hiyo imefungwa waya ikawa mnyama, imejazwa udongo ikawa tofali, imekatwa ikawa ua, na imepangwa kwa rangi ikawa ukuta. Mwaka 2012 msanii Ruganzu Bruno Tusingwire alitunukiwa tuzo ya TED kwa kazi yake ya kuwajengea watoto wa mtaa wa kipato cha chini uwanja wa michezo kwa vifaa vilivyookotwa, na tangu hapo njia hiyo imefuatwa na vikundi vingi vya vijana, shule na makanisa. Sizidharau kazi hizo. Mtoto aliyebembea kwenye bembea ya chupa amejifunza jambo ambalo kitabu cha sayansi hakikuweza kumfundisha, na mtaa uliozoea kutajwa magazetini kwa sababu ya mafuriko na kipindupindu umetajwa angalau mara moja kwa ubunifu wake.

Hata hivyo, ninaona kwamba ushirikiano kati ya wasanii na jamii katika kupigania maji ya mijini umeegemea mno uchafu unaoonekana kwa macho, na umeuacha bila mchongaji, bila mchoraji na bila mwigizaji ule uchafu ambao hasa ndio unaoligharimu Ziwa Viktoria na kuwalaza watu hospitalini. Chupa huelea; kinyesi, fosforasi na kemikali za viwandani huyeyuka. Kuegemea huko hakutokani na uhaba wa vipaji, kwa maana mji ambao shule yake ya sanaa pale Makerere ilianzishwa na Margaret Trowell mwaka 1937 haujakosa watu wenye jicho. Kunatokana na namna ubia wenyewe unavyoundwa: nani anatoa fedha, nani anachagua mada, na nani, mwisho wa onyesho, anaambiwa abadilike.

Tuyafuate maji kwanza. Mfereji wa Nakivubo hukusanya mvua na majimaji mengine yote ya bonde la katikati ya jiji, hupita karibu na soko la Owino, hushuka kupitia Eneo la Viwanda na kando ya mtaa wa mabanda wa Namuwongo, kisha huingia katika kinamasi cha Nakivubo na kumalizikia katika Ghuba ya Ndani ya Murchison, upande wa Luzira na Port Bell. Ghuba hiyo ni ya kina kifupi na mlango wake wa kutokea ziwani ni mwembamba, kwa hiyo kinachoingia hakiharakishi kuondoka. Kilomita chache kutoka hapo, katika ghuba hiyohiyo, ndipo Shirika la Taifa la Maji na Maji Taka huvuta maji ya mitambo ya Ggaba, ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyoinywesha karibu Kampala nzima. Naitrojeni na fosforasi kutoka katika kinyesi na mabaki ya viwandani hulisha mwani. Mwani ukizidi huziba vichujio, hubadilisha harufu ya maji, na baadhi ya jamii zake hutoa sumu. Mtambo nao hulazimika kutumia dawa nyingi zaidi ili kuyarudisha maji katika hali ya kunyweka. Serikali ilipojenga mtambo wa Katosi, wilayani Mukono, wenye uwezo wa lita milioni 160 kwa siku, mahitaji ya mji uliokua yalikuwa sababu mojawapo, lakini hali ya ghuba pia ilikuwa sababu: ilibidi kwenda mbali kutafuta maji ambayo bado yanastahili kuitwa ya ziwa. Bomba refu la kutoka Katosi ni gharama ya uchafuzi iliyofukiwa ardhini, na sijaona msanii aliyelichora.

Kinamasi chenyewe kilikuwa kikitufanyia kazi bure. Utafiti uliofanywa mwaka 1999 chini ya shirika la uhifadhi la IUCN ulikadiria kwamba huduma ya kinamasi cha Nakivubo ya kuchuja maji taka ilikuwa na thamani inayofikia dola milioni 1.75 za Kimarekani kwa mwaka. Watafiti wa Makerere katika miaka hiyohiyo walionyesha jinsi mafunjo yanavyonyonya virutubisho vilivyomo katika maji machafu. Baadaye mafunjo yakakatwa, magimbi yakapandwa, viwanda na nyumba vikaingia, na maji yakajichimbia njia za mkato yanazopita bila kuguswa na mizizi. Kukatwa kwa mafunjo hakupigi kelele wala hakunuki, na jambo lisilopiga kelele wala kunuka lina bahati mbaya mbele ya kamera.

Vyoo ndilo jambo gumu kulisema katika maonyesho ya hadhara. Mabomba ya maji taka ya Kampala yanahudumia takriban mkazi mmoja kati ya kumi, pengine pungufu ya hapo; waliobaki wanatumia vyoo vya shimo na matangi ya nyumbani. Mtambo mkubwa wa Bugolobi, wenye uwezo wa kusafisha lita milioni 45 kwa siku, ni hatua ya kujivunia, lakini mtambo hausafishi kisichoufikia. Katika mabonde kama Bwaise, ambako maji ya ardhini yako karibu sana na uso wa nchi, shimo haliwezi kuchimbwa kwenda chini, kwa hiyo choo hujengwa juu, mtu akakipanda kwa ngazi. Kikijaa, gari la kunyonya maji taka halipenyi kwenye vichochoro; vijana wenye pampu za mkono wanaweza kufika, lakini kazi yao ina bei, na mwenye nyumba hayuko tayari kuilipa wakati mpangaji anasema tayari ameilipa ndani ya kodi. Matokeo yake yanajulikana na kila anayeishi huko: mvua kubwa ikianza kunyesha usiku, tundu la ubavuni hufunguliwa na choo hutapishwa mferejini. Asubuhi mfereji umebeba kila kitu. Mwaka 2015 homa ya matumbo ilipoenea Kampala, wagonjwa walioshukiwa walizidi 10,000, na uchunguzi ulielekeza kidole kwenye maji ya kunywa na vinywaji vya mitaani vilivyochanganyika na uchafu. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeambukizwa na chupa tupu ya plastiki.

Kwa nini, basi, chupa ndiyo iliyopata heshima ya kuchongwa? Ipo sababu ya kisanii ambayo ni ya kweli na haina hila: chupa ni nyepesi, ina rangi, haiozi, na hupatikana bure. Msanii asiye na studio wala pesa za shaba ameokoka kwa chupa. Ipo pia sababu ya kijamii, nayo ni aibu, kwani katika mila za watu wengi hapa nchini choo hakizungumzwi mbele ya wakwe, sembuse mbele ya waziri aliyealikwa kukata utepe. Sababu ya tatu ndiyo inayonisumbua. Fedha za kazi hizi mara nyingi hutoka kwa wafadhili wa nje, kwa idara za serikali, au kwa kampuni zenye bidhaa za kuuza, na kila mmoja wao ana mada asiyopenda iguswe. Kampuni ya vinywaji haitaudhiwa na sanamu ya samaki aliyejaa chupa, mradi kibao kilicho chini yake kinamwambia mpita njia asitupe taka ovyo. Itaudhiwa na sanamu itakayouliza kwa nini chupa hiyo haina thamani tena mara tu inapokuwa tupu.

Swali hilo si la kinadharia. Kila mtu wa umri wangu anaikumbuka soda ya chupa ya kioo, ambayo uliinywa palepale dukani mwenye duka akikutazama, au ukaacha amana ndipo uondoke nayo. Chupa hizo hazikuziba mfereji wowote, na wala hakukuwa na wimbo wala ngonjera ya kutuhimiza tuzirudishe. Zilirudi kwa sababu zilikuwa na bei. Plastiki ilipochukua nafasi yake, mzigo wa chupa tupu uliondoka kwa mtengenezaji ukaangukia kwa mnywaji, kisha kwa mfereji, kisha kwa mtoto anayeokota na kuuza kwa kilo. Mifuko nayo, tunayoiita kaveera, imepigwa marufuku tangu sheria ya fedha ya mwaka 2009, na Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 2019 imekataza ile yenye unene wa chini ya maikroni 30, lakini kila muuza nyanya anayo. Sanaa inayomwonya mama wa nyanya bila kumgusa mwenye kiwanda cha kaveera imechagua upande, hata kama msanii mwenyewe hakukusudia.

Uganda haihitaji kufundishwa na mtu kwamba sanaa inaweza kuubadilisha mwenendo wa umma, kwa sababu tumeliona jambo hilo kwa macho yetu katika vita dhidi ya ukimwi. Mwaka 1987 Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha TASO, shirika la kuwasaidia walioathirika na ukimwi, na vikundi vya ngoma na maigizo vya shirika hilo viliundwa na watu wenyewe wenye virusi, walioimba na kutoa ushuhuda shuleni na vijijini. Aprili 1989 mwanamuziki Philly Bongoley Lutaaya alitangaza hadharani kwamba anaugua, akatumia miezi iliyombakia kuzunguka shuleni na makanisani, hadi alipofariki Desemba ya mwaka huohuo. Katika nchi ambayo ugonjwa huo ulikuwa ukitajwa kwa kunong'ona, sauti ya mtu mmoja maarufu iliufanya uwe na uso. Mwaka 1990 kikafunguliwa kituo cha kwanza cha upimaji wa hiari jijini.

Tunapoisimulia historia hii huwa tunasifu nyimbo na kusahau mambo mawili yaliyozipa nguvu. Kwanza, waliosimama jukwaani ndio waliokuwa na tatizo. Hawakuja kuwafundisha wengine namna ya kuishi. Pili, aliyeguswa na onyesho alikuwa na mahali pa kwenda kesho yake: palikuwa na mlango wa kubisha, mshauri wa kuongea naye, na baadaye kipimo. Mchezo wa kuigiza ulimfikisha mtu mlangoni, na nyuma ya mlango kulikuwa na mtu. Sasa tuupime kwa kipimo hicho mchezo wa kuigiza kuhusu vyoo unaochezwa katika uwanja wa LC (baraza la mtaa) mojawapo huko Bwaise. Mpangaji amecheka, ameona aibu kidogo, ameelewa kwamba kutapisha choo kunawafanya watoto wa jirani waugue. Jambo ambalo, tuseme ukweli, alikuwa analijua kabla mwigizaji hajazaliwa. Je, kesho yake anakwenda wapi? Choo ni cha mwenye nyumba, mwenye nyumba anaishi Ntinda, na bei ya kupakua haijashuka.

Kwa sababu hiyo ninaiona kampeni ya Weyonje ya Mamlaka ya Jiji la Kampala, pamoja na upungufu wake, kuwa imekaribia kulielewa suala kuliko sanamu nyingi za chupa. Ilichanganya muziki na ujumbe wa nyumba kwa nyumba na jambo la kawaida kabisa lakini la lazima: namna ya kupiga simu na kuunganishwa na mtoa huduma wa kupakua choo aliyesajiliwa. Wimbo ulikuwa na namba ya simu. Wapo watakaosema kwamba wimbo wenye namba ya simu ni tangazo na si sanaa, na huenda wana haki. Lakini tukikubali kwamba kazi fulani inafanywa kwa ajili ya kuamsha watu, lazima pia tukubali kuulizwa watu hao wakishaamka wafanye nini.

Kuna deni jingine ambalo wasanii hawajalilipa, nalo ni la ukweli wa mahali. Kampala imekaa juu ya mgawanyo wa maji: mabonde ya kusini na mashariki, kama Nakivubo, humwaga Ziwa Viktoria, lakini Bwaise na mabonde yote yanayoingia kinamasi cha Lubigi hupeleka maji yao kaskazini, kuelekea mto Kafu na bonde la Ziwa Kyoga. Mkazi wa Bwaise akionyeshwa mchoro wa sato anayekufa Ggaba na kuambiwa kwamba ni kwa sababu ya choo chake, ameonyeshwa uongo, na mtu akidanganywa kuhusu mtaa wake hatawaamini tena waliomdanganya. Anachopaswa kuonyeshwa ni Lubigi, barabara ya kaskazini inayozungukwa na maji kila msimu wa mvua, na kisima cha chemchemi alichonacho hapohapo mtaani. Kwa hiyo ubia usio na mtu wa hesabu za maji ndani yake haujakamilika, sawa na ule usio na mkazi. Ingetosha mhandisi mmoja kuwatembeza wasanii kutoka juu ya mfereji hadi chini kabla brashi haijachovywa rangi.

Kwingineko duniani wapo waliolipitia tatizo hili mbele yetu, na mifano miwili inanivutia kwa sababu haikuishia kwenye kuhamasisha. Mwaka 1995 msanii Mmarekani Betsy Damon aliandaa pamoja na wasanii wa China maonyesho ya hadhara kandokando ya mito michafu ya mji wa Chengdu. Mamlaka za mji zilivutiwa, na mwaka 1998 ikafunguliwa bustani ya umma ambamo maji ya mto huvutwa na kupitishwa katika mabwawa ya mimea yakichujwa hatua kwa hatua mbele ya macho ya watembeaji, mpaka watoto wakaweza kuyachezea. Msomaji aliyesoma habari za kinamasi hapo juu ataona mara moja ninakoelekea: kile walichokijenga Chengdu kwa gharama, sisi tulipewa na maumbile Nakivubo tukakipanda magimbi. Mfano wa pili ni wa New York, ambako Mierle Laderman Ukeles alikubaliwa mwaka 1977 kuwa msanii mkaazi wa idara ya usafi ya jiji, bila mshahara, na kati ya 1979 na 1980 alizunguka wilaya zote akiwapa mkono wafanyakazi wa taka wapatao 8,500, mmoja baada ya mwingine, na kuwashukuru. Alichokitumia ni kiganja cha mkono tu, lakini alikuwa ndani ya ofisi inayohusika, si nje ya lango lake na kipaza sauti.

Fikiria kitu kama hicho hapa. Vijana wanaopakua vyoo kwa pampu za mkono ndio pekee wanaoufikia uchafu mahali ambapo gari halifiki, na ndio wanaodharauliwa kuliko watu wote katika mnyororo wa maji ya Kampala. Picha zao kubwa kwenye kuta za mitaa ya Kisenyi na Katanga, zikiwa na bei halali ya kazi yao na zimepigwa kwa ridhaa yao, zingefanya kazi ambayo samaki mia wa chupa hawaifanyi, kwa kuwa mwenye nyumba angeuona uso wa mtu anayemkwepa.

Hatuanzi na mikono mitupu. Jahazi la Flipflopi, lililoundwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa na fundi Ali Skanda na wenzake na kufunikwa kwa kandambili za kila rangi, lilishushwa majini mwaka 2018, na mwaka 2021 lilizunguka Ziwa Viktoria likitia nanga Kenya, Uganda na Tanzania. Kwa msomaji wa Kiswahili lina utamu wa pekee kuliona jahazi la pwani likipanda hadi maji ya Buganda, na ufundi wake hauna mashaka. Ni plastiki tena, nakiri, na mtu anaweza kunikabili kwamba nimekuwa nikilalamika juu ya plastiki kurasa nzima. Tofauti iko katika waliolengwa. Jahazi hilo lilivuka mipaka likiwa na dai moja kwa serikali zote za Afrika Mashariki, kwamba plastiki za kutumia mara moja zidhibitiwe kwa sheria ya pamoja, jambo lenye mantiki kwa ziwa ambalo Tanzania inamiliki karibu nusu, Uganda chini kidogo ya hapo, na Kenya takriban asilimia 6. Katika kila mwalo watu waliomiminika walifurahia rangi, na viongozi waliokuja kupigwa picha walikuta hoja inawasubiri.

Mfano wa nyumbani zaidi ni wa msanii Acaye Kerunen. Uganda iliposhiriki kwa mara ya kwanza na banda lake katika maonyesho ya kimataifa ya sanaa ya Venice, Italia, mwaka 2022, kazi zake na za Collin Sekajugo zilitajwa kwa heshima maalumu na majaji. Kerunen hutumia mikeka, vikapu na nyuzi zilizosukwa na wanawake wa sehemu mbalimbali za nchi kwa mimea ambayo mingi huota kwenye ardhioevu. Huo ni ubia ambao haukuhitaji kuhubiri: msusi asiye na mafunjo hana kazi, kwa hiyo kinamasi kikifukiwa, kinachopotea kinahesabika katika mfuko wa mwanamke mwenye jina na kijiji. Mpaka sasa, kwa bahati mbaya, hoja hiyo imesikika Ulaya kuliko Luzira. Laiti wasusi hao wangeletwa ukingoni mwa kinamasi cha Nakivubo, wakakaa msimu mmoja na wakulima wa magimbi (ambao nao si maadui, ni watu wanaotafuta chakula), pengine tungepata onyesho la kwanza la Kampala ambalo mada yake ni mafunjo, na ambalo lingeweza kuacha mafunjo yaliyopandwa upya nyuma yake.

Suala la muda nalo haliepukiki. Tamasha la KLA ART, lililoanza mwaka 2012 chini ya kituo cha sanaa cha 32° East, limetuonyesha kwamba sanaa ya Kampala inaweza kutoka ukumbini: mwaka 2014 wasanii walizitumia hata bodaboda kubebea kazi zao hadi mitaa isiyo na jumba la maonyesho. Lakini tamasha huja na kwenda, na fedha za wafadhili wengi huhesabiwa kwa mwaka wa bajeti, ilhali choo hujaa kwa ratiba yake. Ukuta uliopakwa rangi Machi hufubaa kufikia Desemba, na kama hakuna kikundi cha mtaani chenye haki na fedha za kuupaka upya, hugeuka kuwa alama nyingine ya watu waliokuja wakaondoka. Ningependa kuona makubaliano ya ubia yakimtaja mwenyekiti wa LC I, chama cha wenye nyumba, wapakua vyoo na idara ya maji kwa pamoja, yakidumu angalau misimu minne ya mvua, na yakimlipa msanii wa mtaani sawa na yule anayetoka mjini. Lugha pia ipangwe kulingana na mahali: Kiganda kitatosha Bwaise, lakini mialoni, sokoni na kwa madereva wa malori, Kiswahili ndicho kinachowakusanya watu wa makabila na nchi tofauti, na ni ajabu kwamba baada ya baraza la mawaziri kukiidhinisha kuwa lugha rasmi mwaka 2022 bado hakionekani kwenye mabango ya mazingira.

Wakati haya yote yanasubiri, mfereji wenyewe unapotea machoni. Mwaka 2025 mjadala mkali ulizuka kuhusu mpango wa mwekezaji binafsi wa kuufunika mfereji wa Nakivubo katikati ya jiji na kujenga juu yake. Waliounga mkono walizungumzia harufu na sura ya mji. Waliopinga walizungumzia mafuriko na sheria. Mimi nitaongeza jambo dogo: maji yaliyofunikwa hayana shahidi. Saruji ikishatandazwa, chupa nazo zitaacha kuonekana, na hapo ndipo sanaa iliyozoea kuokota kinachoelea itakapojikuta haina la kusema, na ile iliyojifunza kuonyesha kisichoonekana ndiyo itakayohitajika.

Pa kuanzia ningependekeza Ggaba. Shirika la maji liruhusu wasanii na wakazi wa bonde la Nakivubo waweke mahali pa wazi, penye kupitwa na watu, vyombo vya kioo vyenye maji ya ghuba jinsi yanavyoingia mtamboni, wiki baada ya wiki, kando ya maji hayohayo yakiwa yamesafishwa, na juu ya kila chombo iandikwe gharama ya dawa iliyotumika kutoka kimoja hadi kingine. Ninajua pingamizi litakalotolewa: wateja wataogopa na kuacha kunywa maji ya bomba. Ni hofu ya haki kwa shirika linalouza imani pamoja na maji, na jibu lake si la kubeza, kwa sababu chombo cha pili kipo palepale kuonyesha kwamba kazi ya kusafisha inafanyika. Kitakachobadilika ni bili. Mteja wa Kololo, mtaa wa wenye nazo, ambaye hajawahi kukanyaga Namuwongo, ataweza kuona ni kiasi gani cha ankara yake ya kila mwezi kinatokana na choo cha mtu asiyemjua ambacho hakikupakuliwa, kisha aamue kama si nafuu kuchangia upakuaji.